Uvundo Usiotoka kwa Kuoga

Siku niliyojua kwamba ninanuka, nilikuwa nimepiga magoti chini ya kitanda cha bibi harusi nikitafuta samaki aliyeoza.

Ilikuwa hapa hapa Siyu, baada ya sala ya alasiri, siku ya kupaka hina, na mpakaji nilikuwa mimi. Chumba kilijaa wanawake. Udi ulifuka kwenye chetezo, asmini zilitandazwa kitandani, na bado shangazi yake bibi harusi alisimama katikati ya chumba amekunja pua. "Nani ameacha samaki humu ndani?" aliuliza. Tukaanza kutafuta sote. Wengine waliinua mikeka, wengine walipekua kapu la nguo, mmoja alichukua fagio akachokora nyuma ya kabati akidhani kuna panya mfu. Mimi niliiweka hina chini, nikatambaa uvunguni, nikanusa sakafu, nikanusa viatu kimoja kimoja. Sikuona kitu. Nilipotoka na kuinua uso, nilimkuta bibi harusi, msichana niliyemjua tangu ananyonya, amejiziba pua kwa pindo la leso.

"Bi Tima," alisema polepole, "niwie radhi. Ni wewe."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Shangazi alinitazama kama mtu anavyotazama kinyesi kilichoachwa mlangoni kwake, akasema, "Mkono mmoja umekwisha. Huo wa pili tutamwita mtu amalizie." Nikakusanya vitu vyangu. Nilipopita, wanawake walinipisha njia pana, pana kuliko anayopishwa bibi harusi mwenyewe.

Nakuandikia wewe ambaye leo umeoga mara ya nne na bado watu wanakukwepa. Najua upo. Mimi nilikuwa hivyo kwa muda wa misimu mitano, na katika muda huo wote sikupata mtu wa kuniambia ugonjwa wenyewe ni nini.

Jina langu ni Fatma, ila tangu utotoni naitwa Tima. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa kwenye ndoa mwaka wa tatu. Mume wangu, Shee, ni fundi wa injini za boti pale bandarini Mtangawanda. Tulikaa kwa mama yangu, kama ilivyo desturi yetu, katika nyumba yenye uwa nyuma na kuku wengi. Mama ni mjane na mimi ndiye mtoto wake pekee. Alikuwa na hamu moja tu duniani, kumwona mjukuu, na mimi nilikuwa sijashika mimba.

Basi Mama akanilisha. Kila asubuhi nilikunywa mayai mawili mabichi yaliyokorogwa kwa asali. Mchana nilikula samaki kwa wali, na supu ya pweza kila alipopatikana, kwa sababu kila mwanamke wa pwani atakwambia pweza huita mtoto. Mtu akichinja, Mama aliomba maini. Usiku ilikuwa kunde. Nilikula mpaka nikawa nakiona chakula kama adhabu, lakini ukikataa chakula cha mama yako umemkataa yeye. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba kila kijiko kilikuwa kinanichafua zaidi.

Jambo la kukirihisha kuliko yote ni kwamba mimi mwenyewe sikuisikia harufu ile. Pua huzoea mwili wake. Baada ya ile siku ya hina nilijifungia chumbani nikanusa kwapa, nikanusa viganja, nikajipumulia kwenye kikombe, nisipate kitu. Halafu nikafunua kapu la nguo chafu. Gauni langu la juzi lilikuwa chini kabisa, limelala na jasho langu. Nilipolileta puani nilitapika pale pale, juu ya nguo. Lilinuka yale maji yanayolala chini ya mashua ya wavuvi, yenye magamba na matumbo, yaliyopigwa jua siku tatu. Nikajua kumbe hivi ndivyo nilivyo. Hivi ndivyo Shee anavyolala navyo.

Tukaanza dawa. Nilisuguliwa kwa shabu, nikasuguliwa kwa majani ya mwarobaini, nikasuguliwa kwa jiwe mpaka ngozi ya shingo ikachubuka. Mama alinikalisha juu ya chetezo, nimefunikwa leso, nifukizwe udi kila jioni. Udi juu ya uvundo ni kitu kibaya kuliko uvundo peke yake. Ni kama kumvisha maiti kilemba. Kitu pekee kilichosaidia kidogo kilikuwa ndimu. Nikijipaka ndimu baada ya kuoga, Mama alisema nimepungua. Kisha jasho likitoka, narudi vile vile, na chumvi ya jasho inawasha michubuko.

Mama aliamini ni jini wa baharini. Alinipeleka kwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani aniandikie kombe. Mzee yule aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaosha, akanipa ninywe. Nilipomaliza hakujisogeza nyuma. Alimwambia mama yangu, "Bi Amina, Qur'ani ni shifaa, na tumesoma. Lakini Mtume ametuamrisha kutafuta tiba. Mtoto huyu mpelekeni kwa madaktari." Namwombea dua mpaka leo.

Kwenye zahanati, muuguzi aliniuliza unaoga mara ngapi. Nikamwambia mara nne. Akaniuliza unajiosha vipi kule chini, kwa sauti ambayo benchi zima la nje liliisikia. Akanipa vidonge vya kuua vijidudu, vichungu, vinavyoacha ladha ya msumari mdomoni. Ajabu ni kwamba vilifanya kazi. Wiki nzima watu walinikaribia. Shee alikula na mimi sahani moja. Wiki ya tatu harufu ikarudi, na aibu ikarudi imenona. Niliporudi kwa muuguzi alisema, "Basi wewe hujioshi," akaandika kitu kwenye daftari, akafungua dirisha.

Misimu ikapita, Kaskazi nyingine ikaingia na joto lake. Joto lilikuwa adui yangu. Wateja wa hina wakakatika mmoja mmoja, hakuna aliyesema kwa nini. Wakaniambia harusi imesogezwa mbele, kisha nikawasikia wakipiga vigelegele. Shee alihamia sebuleni, akasema chumbani pana joto. Sikumwuliza. Siku moja nilimkuta uwani anafua upya shati alilokuwa amelianika kando ya leso yangu. Aliponiona alishtuka kama mwizi.

"Limeingia petroli," alisema.

"Mwongo."

Akaendelea kufua. Nilitamani animwagie yale maji ya sabuni usoni, ningejua angalau amenigusa.

Mwezi wa Shaabani niliamua kwenda Malindi, kwa sababu wifi yangu anayekaa huko aliniambia kwa simu kuna daktari wa kike anayetazama maradhi yasiyojulikana. Nilikwenda Mtangawanda kwa miguu, kwa vile dereva wa pikipiki wa mwisho kunipakia alitema mate njia nzima. Kwenye boti nilikaa mwisho kabisa, karibu na injini, na watu wakabanana mbele kama mbuzi hadi nahodha akawapigia kelele kwamba chombo kinalala. "Sambazeni uzito!" alisema. Hakuna aliyesogea. Akaja yeye mwenyewe kuangalia kuna nini nyuma, akavuta pumzi moja, akarudi usukani.

Vyumba vya kungojea navijua kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake. Najua benchi linavyopungua. Kwanza aliye karibu anajifanya anamtafuta mtu. Wa pili anapokea simu ambayo haikulia. Wa tatu ni mtoto, naye husema ukweli: "Mama, pananuka." Kisha unabaki peke yako na feni. Pale Malindi nilikaa hivyo kwa muda wa saa tatu, nimebana mapaja na kwapa, sihemi ila kwa shida, kama kwamba nikipumua kidogo nitapungua.

Daktari alikuwa mtu wa bara, mwanamke mfupi mwenye miwani. Alifunga mlango, akaketi karibu nami, akasema, "Naisikia harufu. Ni ya samaki. Sitakuambia haipo."

Nikalia. Tangu nianze ugonjwa ule, watu walikuwa ama wananidanganya ama wananikimbia. Huyu hakufanya lolote kati ya hayo.

Akangoja nikanyamaza, halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Wote waliuliza ninavyooga. Yeye aliuliza, "Jana ulikula nini?"

Nikamwambia mayai, samaki, kunde.

"Na juzi?"

"Hivyo hivyo, na maini."

Aliweka kalamu chini. Sitajitia udaktari, nitakueleza kama alivyonieleza mimi. Kuna kirutubisho kinaitwa kolini. Kimejaa kwenye kiini cha yai, kwenye maini, kwenye samaki, na kwenye jamii ya maharage. Mwili unakitaka. Ini hukitumia lisijae mafuta, na ubongo na misuli navyo vinakihitaji. Lakini kinachobaki tumboni, vijidudu vya utumbo hukigeuza kitu chenye harufu ya samaki. Ini la mtu mwingine huizima harufu ile kabla haijafika popote. Langu haliwezi, nimezaliwa nalo hivyo. Basi harufu inajitafutia mlango wa kutokea, kwenye jasho, kwenye mkojo, kwenye pumzi. Na samaki wa baharini, akasema, ndio wabaya zaidi, wanakuja na mzigo wao tayari.

"Kwa hivyo si uchafu," nikasema.

"Unaoga kuliko mimi."

"Wala si jini."

"Kama ni jini, anapenda mayai."

Nilicheka, na kicheko kilinitoka kama kitu kilichokuwa kimekwama kooni. Lakini nilirudi Siyu na karaha mpya. Zamani nilidhani uchafu uko juu ya ngozi, naweza kuusugua. Sasa nilijua uko ndani, unapikwa mle mle tumboni, saa zote. Nilikumbuka pia chuoni utotoni, jinsi mkeka ulivyokuwa mtupu pande zangu zote mbili, na mimi nikidhani wenzangu wananionea wivu kwa kuhifadhi haraka.

Walichukua mkojo wangu ukapelekwa nje ya nchi, maana hapa kipimo hicho hakikuwapo. Majibu yalikuja baada ya Idi, na yalikuwa kama alivyosema. Hakuna dawa ya kuponya. Kuna kupunguza: sabuni ya ukali wa ndimu, vile vidonge mara moja moja, na chakula.

Kumweleza Mama ndiko kulikokuwa kugumu. Alikuwa anapara samaki uwani, magamba yamemjaa mikononi.

"Nisile mayai? Nisile samaki?" alisema. "Nti hii ni ya samaki, mwanangu. Utakula mtanga wa pwani?"

Nikamtajia vyote alivyonikataza daktari. Nikaona mkono wake wenye kisu umesimama.

"Basi ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyekutia uvundo kwa mkono wangu."

"Mama, hukujua."

"Na kila nikikuona umekonda nakwongeza."

Aliinuka akanawa, akanawa tena. Kesho yake alifukuza kuku wote uwani, akawapa jirani, pamoja na jogoo aliyekuwa akimpenda kama mwanawe. Nilikula wali kwa tui na mchicha, mihogo, ndizi, kuku wa kuchemsha kidogo, na wali tena. Mtu wa Siyu asiyekula samaki ni kichekesho. Nilikaa na watu wanaoramba vidole, mimi nina bakuli la mchicha kama sungura. Na harufu ya samaki anayekaangwa ilianza kunitia kichefuchefu, kwa sababu sasa nilijua ni jamaa yangu.

Lakini nilipungua. Kusi ilipoanza kuvuma, Mama alininusa shingoni kama anavyonusa maziwa, akasema, "Hapana kitu." Mteja mmoja akarudi, kisha wa pili. Siku moja kwenye boti mwanamke nisiyemjua alikaa karibu yangu, akasinzia, kichwa kikaniangukia begani. Sikusogea safari nzima. Bega lilikufa ganzi, na ningekubali lifike Lamu limekatika.

Shee alirudi chumbani bila maelezo, kama alivyotoka. Sikumsamehe haraka, na sitakudanganya kwamba nilimsamehe yote. Kila akinikumbatia nilikuwa nasikiliza pumzi yake, kama anahema au anajizuia.

Miezi michache baadaye nikashika mimba.

Furaha ya nyumba ile ilidumu mpaka nilipompigia simu daktari. Alinipongeza kwanza. "Bi Fatma," alisema, "sasa lazima urudie mayai. Kolini ndiyo inayomjenga mtoto ubongo na uti wa mgongo. Usile kupita kiasi, lakini ukiikata, yeye ndiye atakayekosa. Yai kila siku, na samaki kidogo. Na utakaponyonyesha, vivyo hivyo."

"Nitanuka."

"Utanuka. Nitakusaidia kwa sabuni. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

Nilikaa na simu mkononi. Nilimchukia mtoto ambaye hata hakuwa na umbo. Naliandika hilo kwa sababu wewe unayesoma huenda utalihisi, na utadhani ni wewe peke yako. Nilikuwa nimeonja kuwa mtu miezi michache tu, na sasa naambiwa nirudi nikaoze kwa hiari yangu.

Shee alipopata habari alijaribu utani. "Mimi nanuka petroli miaka yote, hujanihamisha."

"Petroli unaoga inatoka," nilimwambia. "Na mimi sikuhama chumba."

Aliinama. Ndipo aliposema lile alilokuwa hajalisema kwa miaka. "Nilikuwa natapika, Tima. Nikitoka kwako natapika nyuma ya nyumba. Nikaona haya kukwambia, nikaona haya zaidi kukaa." Akajipangusa uso. "Sijui kama sitatapika tena. Lakini sebuleni sirudi."

Lilikuwa neno chafu, na ndilo neno la kweli la kwanza kati yetu. Nililipenda kuliko maneno yote matamu ya fungate.

Mama alikwenda kwa jirani kuomba yai moja kila asubuhi, la kuku wake mwenyewe. Alilichemsha, akalimenya, akaniwekea kwenye sahani, halafu akatoka uwani asinione. Unajua kichefuchefu cha mimba changa. Ongeza juu yake kwamba kile kitu kinachotikisika mbele yako, cheupe, kina jicho la manjano ndani, kesho kitakutoka kwenye ngozi. Nilitafuna kiini kikagandamana na ufizi kama udongo. Nilitapika la kwanza. Nilitapika la pili. Kuanzia la tatu nilifunga pua, nikasema bismillahi, nikameza bila kutafuna.

Mwezi wa nne wa mimba harufu ilikuwa imerudi yote. Mwezi wa saba, na joto la Kaskazi, ilikuwa mbaya kuliko zamani. Safari hii sikujificha. Nilikwenda sokoni. Mtu akikunja pua nilimwambia, "Ni mimi. Ni ugonjwa, hauambukizi." Wengine waliona haya wakaniombea. Wengine walitema mate. Shangazi mmoja, yule yule wa siku ya hina, alisema nimemkosesha hamu ya kula. Nikamjibu mimi hamu hiyo nimeikosa tangu siku aliyonitoa chumbani. Shee alitapika mara mbili ninazozijua. Alirudi mara zote mbili, amesukutua, akalala.

Hospitali niliyojifungulia sitaitaja. Muuguzi alivaa barakoa mbili, akapuliza marashi ya chooni chumba kizima, na mimi uchungu umenikaza, sina hata nguvu ya kumtukana. Mwenzake, mkunga mtu mzima, alimpokonya kopo lile. "Toka nje ukapulize huko," alimwambia. "Huyu anazaa." Alinishika mguu kwa mikono miwili, akaweka kichwa chake karibu na paja langu mpaka mtoto akatoka. Msichana. Mzima. Tulimwita Rahma.

Nilimnyonyesha miaka miwili kamili, na miaka miwili nikanuka. Alikuwa mtoto mwepesi. Alitambaa mapema, akasema mapema, akajua majina ya jirani wote. Mama alisema ni yale mayai. Sijui. Watoto wengi ni wepesi.

Kama una maradhi haya, nisikilize. Usikubali kuulizwa unavyooga tu, wewe mwenyewe mwambie daktari unachokula. Usijikatie mayai na samaki kwa kujiamulia, maana mwili unavihitaji, na mwenye mimba ndiye zaidi. Na ukiwa huna maradhi haya ila unaishi na mwenye nayo, mwambie ukweli kabla hajaambiwa ukumbini na wageni.

Nilipomwachisha Rahma ziwa nilirudi kwenye mchicha wangu. Baada ya mwezi nikawa sinuki tena. Wakati huo huo yeye akaanza kusumbua. Nikimbeba analia, anaweka pua shingoni mwangu, anaitoa, ananitazama kama mgeni. Mama alisema analilia ziwa, atazoea.

Asubuhi moja nilimtafuta nyumba nzima sikumwona. Nilimkuta nyuma ya mlango wa choo. Alikuwa ameifukua leso yangu kuukuu, niliyoitumia kunyonyeshea, niliyoisahau chini ya kapu haijafuliwa. Ilikuwa imekauka kwa maziwa na jasho, imegeuka rangi. Ameishika kwa mikono yote miwili, ameijaza mdomoni na puani, amelala.

Niliivuta ili nikaitupe, na pua yangu ikaipata, uvundo ule ule, nikageuza uso. Rahma akafumbua macho. Hakulia. Aliing'ang'ania leso kifuani, akasema, "Mama."

Hakuwa ananiita mimi.

Nikaketi pale chini, kwenye saruji yenye maji, nikaivuta leso polepole, nikajifunika nayo mabegani. Alikuja mwenyewe.